Miti Ambayo Macho Yetu Hayakuiona

Mgeni rasmi, mkubwa wa misitu uliyetoka Mbarara, sisi wamama wapaliliaji wa Juru, hapa kambini Nakivale, tunakusalimu kwa mikono miwili. Karibu. Kaa vizuri kwenye hicho kivuli. Ni kivuli cha makosa yetu.

HISTORIA
Miaka sita iliyopita mradi ulitupa mashamba mawili na miche ya aina moja, kalitusi. Tukaambiwa chochote kingine kikiota, ng'oa. Kule bondeni tuling'oa. Hapa kilimani iliota miti ya kienyeji, musizi, musambya na mugavu, nayo macho yetu ni ya uzee.

Bwana Munezero, msimamizi wetu, aliniuliza mimi, bibi ninayesoma risala hii, "Koko Nabintu, na hii ni kalitusi?"

"Sioni, mtoto wangu. Wewe unaona nini?"

Akanipeleka hospitali ya Ruharo nipimwe macho. Daktari aliandika karatasi. Kwa bahati mbaya, mbuzi akaila.

MAFANIKIO
Kalitusi za kule na za huku zilipandwa siku moja. Tulizipima kwa kamba moja: kule inazunguka shina na kubaki kiganja kizima, huku haitoshi. Kule zote zinakunywa kina kimoja na kugombania jua moja, kama wake wenza kwenye chungu kimoja. Huku mmoja anachota chini, mwingine juu, mugavu analisha udongo kwa majani yake, na mdudu wa kalitusi anapotea njia kabla hajafika kwa jirani. Hatusemi kila mchanganyiko unafaa, mingine ilikufa. Lakini kuni ni nyingi.

CHANGAMOTO
Fomu ya mradi ina kisanduku kimoja tu cha aina ya mti. Kwa hiyo Jumatatu kila kisicho kalitusi kitakatwa. Tulisema, "Ongeza kisanduku." Bwana Munezero akajibu, "Mama, hiyo ni kazi ya wakubwa." Wakikata, tutarudi kuokota kuni kwa majirani, fasi tunafukuzwa na mbwa.

OMBI
Ni moja tu. Programu inasema mgeni rasmi atapanda mti. Shimo tumelichimba katikati kabisa, mche ni mugavu, na kibao chenye jina lako kimeshapakwa rangi. Musizi wowote utakaokatwa hapa utaangukia mti wako, na mtu wa kuangusha mti juu ya mti wa mgeni rasmi bado hajaajiriwa.

Panda polepole, tafadhali, picha zitoke vizuri. Jembe atakushikia Bwana Munezero.

Mungu akuongezee siku, aongeze na mvua, akufikishe Mbarara bila pancha.

Ni sisi,
Wamama Wapaliliaji wa Juru, Nakivale