Tumbo la Jumatano na Ijumaa

Bwana asifiwe! Aa, mbona mmeitikia kama watu wenye njaa? Bwana asifiwe tena! Haya, hapo sawa. Mimi ni mama Elia wa Sekenke, mponda mawe kule machimboni, na leo mtanivumilia, maana furaha imenijaa hadi kooni.

Ndugu zangu, miaka miwili tumbo lilinitesa! Linachoma hapa chini ya kifua, linaacha, nasema nimepona; wiki haijaisha limerudi. Lilianza Jumatano moja. Sisi kina mama wa maombi tunafunga Jumatano na Ijumaa, na jioni ile nilifungulia kwa wifi yangu Naomi, dada wa mume wangu. Akanipa ugali wa mtama na mlenda. Sijafika kwangu, tumbo hilo!

Basi nikaikata kesi peke yangu. Naomi kaniwekea kitu. Nikaacha kuitikia salamu yake. Watoto nikawakataza kukanyaga kwake. Nikazidi kufunga, Mungu aniokoe na mkono wa Naomi, na tumbo nalo likazidi! Nikasema mnaona, adui kachokozwa.

Ijumaa moja nikaanguka juu ya mawe yangu, nimejikunja, natapika. Baba Elia akanipakia kwenye bodaboda hadi kituo cha afya Shelui. Tabibu alikuwa binti mdogo tu. Akaniamkia, shikamoo mama, akavuta kiti. Nilidhani atauliza mawili aandike dawa. Wee! Linauma wapi, onyesha kwa kidole kimoja. Kabla ya kula au baada? Choo kikoje? Mbele ya mume wangu, jamani! Akauliza na kazi yangu, nikamwambia kuponda mawe kunavyoniumiza kiuno. Kisha akauliza linazidi siku gani.

Nikasema, "Jumatano na Ijumaa."

"Siku hizo kuna nini, mama?"

"Tunafunga."

"Na kiuno cha kuponda mawe kikiuma ukiwa umefunga, unafanyaje?"

"Nameza vidonge vya maumivu. Viwili, vitatu, na maji kidogo. Dawa si chakula, mwanangu."

Akaweka kalamu chini. Akaniambia taratibu kwamba vidonge vile, juu ya tumbo tupu, ndivyo vinavyonichubua. Akanituma hospitali ya mkoa, wakaangalia tumboni kwa kamera: kidonda kweli kimo. Ndugu zangu, nilicheka, nikalia! Baba Elia akatazama ukuta. Ni dada yake niliyemsema miaka miwili.

Nilipewa dawa, nikaacha vile vidonge, tumbo likatulia. Lakini moyo haukutulia. Nikaenda kwa Naomi. Nikamwambia, "Wifi, nilisema umeniroga."

Akasema, "Nilijua. Kaa, ule kwanza."

Akaleta mlenda, jamani! Nikaula wote, nikalamba na vidole, machozi yanachuruzika humo humo. Wifi, simama watu wakuone! Usione haya, simama!

Namshukuru Mungu aliyempa yule binti subira ya kuuliza. Ndugu yangu unayeumwa, mtumaini Yesu, na kwa tabibu usifiche kitu. Mwambie unachokula, unachomeza, na siku unazofunga. Mungu wetu haaibiki na ukweli. Na kama humu ndani kuna mtu uliyemnyima salamu, kwa nini ungoje Jumapili nyingine? Inuka ukamsalimie sasa. Nenda tu. Mimi nitasubiri hapa, wimbo wangu sitauanza mpaka urudi.