Pingamizi la Kitalu Namba 41: Maneno ya Kumuaga Wakili Saathoff

“Kesi ile ilimaliza ubishi wote: hakuna mwenye ruhusa ya kutusimamisha, na atakayejaribu tena, awe wa Washington au wa hapa hapa, tutakutana naye mahakamani.”

Maneno hayo si yangu. Ni ya Mheshimiwa Boyd Tranmer, Mwenyekiti wa Baraza la Kaunti yetu, ameyatamka hapa hapa robo saa iliyopita, nanyi mkampigia makofi mpaka vijiko vikacheza mezani. Ni maneno matamu. Yana kasoro moja tu: si kweli.

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe wa Baraza, Bi. Ostlund na Bw. Peck; Wakili Wendell Saathoff, mwenye shughuli, unayestaafu leo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitetea kaunti hii; Wakili Marit Hruska, unayerithi kiti chake na, Mungu akusaidie, makabati yake; wafugaji, wachimbaji, walimu; akina mama wa kanisa la Kilutheri mliotupikia maharage ya nyama na mikate ya mdalasini; ndugu wananchi wa Harlow Bench: kila mwenye cheo apokee salamu zangu kwa cheo chake, na asiye na cheo azipokee mara mbili.

Najua mnachonong'ona. Nani kampa Lorne Kittredge kipaza sauti? Mtu wa gazeti, tena gazeti lenyewe la kurasa nane, tano kati yake matangazo ya trekta! Jibu ni kwamba kanipa Saathoff mwenyewe. Kamati ya sherehe ilipomwuliza kama amerukwa na akili, alisema: “Mwacheni aniseme hapa nikimwona. Akienda kuniandika, simwoni.”

Basi niseme. Miaka miwili iliyopita, serikali kuu iliposimamisha minada ya vitalu vya mafuta na gesi, mimi nilishangilia. Sikuficha. Hapa Wyoming hakuna asiyejua tunavyoishi: nyasi zako, zizi lako, lakini kilichomo chini ya nyasi, mara nyingi, ni cha serikali, na kila baada ya miezi mitatu hukinadi kwa makampuni. Siku moja ikaja karatasi ya ukurasa mmoja kutoka Washington: minada imesitishwa “kwa muda.” Muda gani? Haikusema. Walimwuliza nani? Hakuna. Kaunti ikaenda mahakamani, na aliyebeba faili ni huyu bwana mwenye tai ya doa la haradali, ambalo naapa lilikuwapo tangu nilipokuwa na nywele.

Niliandika makala kumi na moja kumpinga. Kumi na moja! Nilimwita kila jina linaloweza kuchapishwa kwenye gazeti linalosomwa na akina mama wa kanisa. Asubuhi moja akanikuta mgahawani, akakaa bila kukaribishwa.

“We Kittredge, wiki hii umeniita nani?”

“Tarishi wa makampuni.”

“Si wiki iliyopita nilikuwa kibaraka?”

“Nimekupandisha cheo, bwana.”

“Basi sogeza hiyo kahawa. Tarishi hutembea sana, hupata kiu.” Akainywa. Yote. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulipenda: “Hebu niambie, Lorne, ungekuwa ni uamuzi usioupenda, umeletwa kwa karatasi ya ukurasa mmoja, bila mtu kuulizwa, ungeandika makala ngapi?”

Nilimjibu kwamba hayo ni maneno ya kiwakili. Wajua, mtu akisema “hayo ni maneno ya kiwakili,” maana yake hana jibu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Mwenyekiti amelisahau, au hakutaka kulikumbuka. Kesi ile haikushinda kwa vitabu vya sheria. Ilishinda kwa sababu ya geti la Mama Ardith Goyeneche. Yuko pale, meza ya mwisho karibu na mlango, mwenye koti la kijani. Usijifiche, mama, wanakufahamu.

Wakati wa kesi, serikali ilimtuma mwanasheria wake kuja kuangalia maeneo yenyewe. Kijana msafi, adabu zake mbele, viatu vya mjini. Alipita asubuhi kwenye malisho ya Goyeneche, akakuta geti liko wazi. Mtoto wa miaka mitano wa hapa anajua afanye nini: ukilikuta wazi liache wazi, ukilikuta limefungwa lifunge, na ukiona kuna haja ya kubadilisha, nenda nyumbani kwa mwenyewe ubishe hodi. Yule bwana hakujua. Alishuka garini, akalifunga, tena kwa mnyororo, akaenda zake akijisifu moyoni kwamba amefanya jambo la kistaarabu.

Kondoo mia sita walikuwa upande huu. Chemchemi ilikuwa upande ule. Na ilikuwa Julai.

Mama Goyeneche aliwakuta saa kumi alasiri, wamejazana kwenye uzio, ndimi nje. Marehemu mumewe, Mbaski yule wa milima ya Hispania, aliyeweza kutukana kwa lugha tatu, angezimaliza zote siku ile. Yeye alifungua geti, akasubiri wanyama wanywe, kisha akaendesha gari mpaka mahakama ya kaunti, akamkuta yule kijana ofisini kwa Saathoff wakipanga karatasi.

“Nani kafunga geti langu?”

“Ni mimi, mama. Nilidhani nasaidia.”

“Umenisaidia? Kidogo uniulie kondoo!”

“Lakini mama, mimi sikufanya kitu. Nimelifunga tu.”

Saathoff alikuwa na kalamu mkononi. Akaandika sentensi ile ile. Na mwezi uliofuata, yule kijana aliposimama mbele ya jaji na kusema kwamba serikali haijamnyima mtu chochote, haijafanya lolote, imesimama kidogo tu, Saathoff aliinuka, akasahau sheria zote alizozibandika vikaratasi vya njano, akasimulia habari ya geti. Kondoo, uzio, Julai. Akamaliza hivi, na mimi nilikuwapo nikaandika: “Mheshimiwa Jaji, kufunga ni kutenda. Na atakayetenda kwenye shamba la mwenzake, abishe hodi kwanza.” Jaji aliinamisha kichwa akaandika. Alipokiinua, hata yule kijana wa serikali alikuwa mwekundu kama nyanya.

Amri ikatoka, usitishaji ukaondolewa. Mimi nikashindwa. Kwa dau tulilowekeana na Saathoff, nilivaa aproni ya maua nikawagawia watumishi wote wa mahakama mkate wa tufaha, na nawashukuru wote mliopiga picha.

Lakini nilikwenda nikaisoma hukumu. Kurasa arobaini na nne, Mwenyekiti. Wewe umesoma ngapi? Hakuna mahali, si ukurasa wa kwanza wala wa mwisho, panaposema kwamba kuchimba hakusimamishwi. Jaji hakusema mafuta ni mazuri, hakusema mafuta ni mabaya. Alisema serikali ina uwezo wa kunadi na ina uwezo wa kutonadi, ila katika yote mawili iwasikilize kwanza watu ambao jambo linawagusa, na itoe sababu zake hadharani. Basi! Kaunti haikushinda haki ya kuchimba. Ilishinda haki ya kusikilizwa. Ni ushindi mkubwa kuliko ule mnaousherehekea, na mmeuacha nje kwenye baridi.

Naona Mwenyekiti ananionyesha saa.

“Kittredge, hii ni sherehe!”

Ndiyo, Mheshimiwa, na mimi nasherehekea. Vumilia, keki haikimbii.

Minada imerudi. Kwenye orodha ya mnada ujao kuna kitalu namba 41. Kiko wapi? Kiko chini ya malisho ya Goyeneche, na mpaka wake wa mashariki unapita hatua themanini kutoka kwenye ile chemchemi. Nimezihesabu kwa miguu yangu, na goti langu ni shahidi. Mama huyu hajasema kisichimbwe milele. Anachotaka ni maji yapimwe kwanza, wataalamu waone kama mtambo ukitoboa pale chemchemi itabaki chemchemi. Kanuni inaruhusu: kaunti ikituma pingamizi kwa ofisi ya serikali kuu inayonadi, kitalu kinatolewa mnadani mpaka maji yachunguzwe. Pingamizi liwe la karatasi, lifike kwa mkono, kwa posta au kwa faksi, kabla ya saa kumi alasiri Jumatatu. Leo ni Ijumaa.

Je, Baraza limemsikiliza? Ameomba nafasi mara tatu. Mara ya kwanza akaambiwa ajenda imejaa. Nilikwenda kuitazama ajenda hiyo iliyojaa: ilikuwa na rangi mpya ya vyoo vya uwanja wa maonyesho. Mara ya pili akaambiwa aandike barua. Akaandika. Mara ya tatu akaenda mwenyewe, akapewa jibu na Mwenyekiti mlangoni, na mama kanisimulia neno kwa neno.

“Ardith, dada yangu, tumetoka kupigana na Washington tuchimbe. Leo tukisema kitalu hiki hapana, si watatucheka?”

“Boyd, atakayekucheka atakuwa na maji ya kunywa. Mimi je?”

“Njoo kikao cha Jumanne.”

“Jumanne muda utakuwa umepita tangu jana yake!”

“Basi nitafanyaje?”

Utafanyaje! Mtu aliyeishitaki serikali kuu akashinda anamwuliza mjane atafanyaje! Wanaume wengine huku huweza kumfunga kamba fahali aliyekasirika, ila ukiwapa karatasi moja ya kutia sahihi mikono inakufa ganzi.

Na hoja yenyewe ya kuchekwa, tuipime. Kaunti ikipinga kitalu kimoja kati ya vitalu hamsini na tatu, imeisaliti kesi? Kinyume chake. Mtu aliyeshitaki kwa kufungiwa geti bila kubishiwa hodi, kisha akauvunja mlango wa jirani bila hodi, huyo hakuwa na kesi, alikuwa na hamu tu ya kuchimba. Yaliyosemwa juu ya Washington yanasemeka juu ya Harlow Bench. Mkiacha ardhi iliyo chini ya miguu ya mtu inadiwe bila kumsikiliza, nanyi mtasema hamkufanya kitu, mmenyamaza tu?

Najisema na mimi pia. Niliposhangilia ule usitishaji nilipenda nilichokiona mwishoni, sikujali njia iliyotufikisha. Saathoff alininyoosha, na kahawa akanywa. Ninyi nanyi leo mmependa mwisho wa kesi yake mmeisahau njia. Nani atawanyoosha? Yeye anakwenda kuvua samaki.

Wendell, rafiki yangu na mpinzani wangu, kukusifu ni kazi ngumu kwa sababu unaharibu sifa kwa kuwa mkaidi. Miaka thelathini na mmoja, kioo cha gari lako kina ufa tangu mwaka wa kwanza, na hujakosa kusikilizwa kwa kesi hata moja, hata wakati wa theluji ile iliyofunga barabara, ulipofika juu ya trekta ya kusukumia theluji. Hukuwahi kumnyima mtu nafasi ya kusema, hata mimi. Hasa mimi. Watu wanauliza tukupe zawadi gani. Saa ya ukutani imenunuliwa, ipo, nzuri sana, itakuonyesha muda ambao huna tena haja nao. Lakini mimi nimekuja na jambo jingine, na nakuomba usinikane.

Mwashangaa? Sikieni. Sheria yetu inasema wajumbe wote watatu wa Baraza wakikutana mahali pamoja, hata kwenye mkate wa mdalasini, lazima tangazo libandikwe mlangoni mwa mahakama, watu wasije wakapanga mambo gizani. Kwa hiyo hata sherehe hii imebandikwa. Nimelisoma tangazo lake asubuhi ya leo. Limeandikwa kwa mkono wa Saathoff, kazi yake ya mwisho ofisini. Linasema: “Wajumbe wote wanatarajiwa kuhudhuria. Chakula, hotuba, zawadi, na kitalu namba 41.”

Msimtazame yeye, nitazameni mimi! Anatabasamu, najua, nimemwona. Wakili Hruska, nimekuuliza mchana kama tangazo hilo ni halali. Ulinijibu nini? Simama uwaambie.

“Ni halali. Limekaa mlangoni kwa muda unaotakiwa, na karani wa Baraza yupo.”

Asante, wakili. Umeanza vizuri.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu, kwa maharage, na kwa kutonirushia kitu. Wendell, nenda salama, na samaki wakukimbie kidogo ili ujue tulivyohisi sisi. Na sasa sisemi tena na ukumbi. Nasema nanyi watatu, Bw. Tranmer, Bi. Ostlund, Bw. Peck. Siwaambii mpige kura vipi. Kikao kimetangazwa, wananchi wapo, barua ya pingamizi ipo mbele ya karani, na mashine ya faksi ya kaunti iko ng'ambo ya barabara. Mama Goyeneche anasimama sasa, anakuja huku mbele. Mwenyekiti, inuka umpishe kiti chako, umpe kipaza sauti hiki mkononi mwako mwenyewe, ukae umsikilize mpaka amalize. Kisha, kabla mtu hajashika kisu cha keki, pigeni kura tukiwaona.