Mama Pétronille Afoyorwoth, Aliyekata Njia ya Makuta ya Musituni

Baba Padri, wakubwa wa zone mulio hapa, majirani wa kartiye, wauzaji wa soko, na ninyi muliotoka Mahagi, Kasenyi na Tchomia, familia inaomba kimya chenu, ili maisha ya mama yetu yasikike mbele ya udongo kumufunika. Anayesoma ni Louis, mutoto wa marehemu Mathieu, ndugu yake wa tumbo moja, na ameagizwa kusoma yote namna yalivyokuwa, hata yale ambayo wengine waliokaa hapa wangependa yarukwe.

Mama Pétronille Afoyorwoth alizaliwa kwenye milima ya Mahagi tarehe 14 Mei 1941, mutoto wa tatu wa muzee Ukumu, katekista, na wa mama Gertrude, akiwa mudogo sana hata wakamubatiza haraka kwa kuogopa hataona juma la pili, na mama yake alizoea kusema kwamba kitu cha kwanza kilichoota mwilini mwake kilikuwa sauti.

Alisoma kwa masista kuanzia mwezi wa tisa 1948 hadi mwaka wa 1954, akamaliza darasa la sita, akiwa na mwandiko muzuri na tabia ya kucheka katika misa, na mara nyingi alipigishwa magoti kwenye changarawe, akaendelea kuchekea pale pale. Siku moja mupishi wa shule alikuwa anawapunguzia wasichana wadogo maharagi, Pétronille akasimama katikati ya watu wanaokula akalisema jambo hilo kwa sauti, basi wale wadogo wakaongezewa, na yeye akanyimwa chakula kwa kukosa adabu, akaenda kulala na njaa, na hakuona kama amepoteza kitu.

Mwaka wa 1956 alishuka ziwani Tchomia kwa shangazi yake, akajifunza kupasua samaki na kumukausha kwa moshi, na kufika mwaka wa 1965 alikuwa na meza yake mwenyewe katika soko la Bunia, ambapo wengi wenu mulimujua, kwa maana hakuna aliyepita mbele ya meza ile bila kuitwa kwa jina.

Alifunga ndoa takatifu Tchomia tarehe 22 Julai 1961 na Firmin Ucircan, mwenye mutumbwi wa moteri, mwanaume mupole, muchezaji wa gita, ambaye hakuwahi kumupiga, na Mungu aliwapa watoto watatu, Adeline aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1963, Viviane aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 1968, na Geneviève aliyezaliwa tarehe 11 Aprili 1976, wakati mama alikuwa anadhani kuzaa kumeisha.

Mwaka ule ule wa 1976 watu wa bunduki walikuwa wamekaa katika milima ya juu ya Fataki, wanasema wanapigania nchi, na tarehe 9 Oktoba, siku ya soko, walishuka Fataki kutafuta viazi na vijana, wakamukuta Mathieu, ndugu ya marehemu, aliyekuwa anapakiza viazi vyake katika kamiyo, gari kubwa la muzigo, na kwa sababu alikataa kutoa ufunguo, walimufunga kamba nyuma ya kamiyo ile ile wakaiendesha mupaka kamba ikawa haikokoti tena mutu wa kutambulika. Mama Pétronille ndiye aliyekwenda kumuokota njiani, na kitambaa alichokusanyia alikitunza, hakukifua.

Mwanzo wa mwaka wa 1977 serikali ilitangaza sheria mupya, kwa sababu askari walikuwa wamepanda milima ile mara nyingi wakarudi na maiti zao tu. Wakubwa walisema kwamba buti, dawa na risasi za watu wale havioti musituni, vinanunuliwa na makuta, ndiyo pesa, ya wenzao wanaoishi Ulaya na ngambo ya ziwa, basi yeyote atakayepokea, atakayebeba au atakayeficha makuta hayo, mali yake itafungwa kwa muhuri wa serikali, na yeyote atakayemuuzia, atakayemukopesha, atakayemulaza au atakayemutibu ataanguka katika sheria ile ile. Komisiyo ya kazi hiyo ilikaa hapa Bunia, na mukubwa wake alikuwa citoyen Mbusa Vahwere, musomi wa sheria, na familia inapaswa kusema kweli kwamba alikuwa mutu safi, hakula hata samaki mumoja wa mutu.

Katika mukutano wa kueleza sheria hiyo, mama Pétronille alinyoosha mukono akauliza, «Na ule mwenye ataonyesha njia makuta inapitia, sheria itamufanya nini?»

Citoyen Mbusa akamujibu mbele ya watu wote, «Itamulinda, mama.»

Watu wakapiga makofi, naye akapiga.

Mwezi wa sita wa mwaka huo, akiwa Tchomia, aliona katika muzigo ambao mume wake alikuwa ametoa ngambo samaki kapiteni wakubwa ambao tumbo zao zilikuwa zimeshonwa kwa uzi, akashangaa, kwa maana samaki hashonwi, akakata mumoja kwa kisu, na ndani yake akatoa plastiki iliyojaa makuta ya kigeni. Alikaa chini karibu na moto, akangoja Firmin arudi kutoka kuoga, akamuwekea plastiki ile kwenye mukeka, na Firmin naye akakaa.

«Ile si mambo yako,» Firmin alisema. «Batu ya Ulaya njo banatuma, miye nabeba tu, banalipa muzuri. Tutasomesha batoto.»

«Kamba yenye ilimukokota Mathieu, ilinunuliwa na hii makuta.»

«Mathieu angetoa ufunguo, angekuwa muzima.»

Mama Pétronille alituambia mara nyingi kwamba kama mume wake angelia jioni ile, au angenyamaza tu, labda naye angenyamaza, lakini alisikia neno lile la ufunguo, akaamka asubuhi, akamufunga Geneviève mugongoni, akapanda kamiyo ya samaki mupaka Bunia, akaingia kwa citoyen Mbusa na samaki mumoja aliyeshonwa ndani ya kitunga, akamupasua juu ya meza.

Firmin alikamatwa Kasenyi tarehe 2 Julai 1977, pamoja na Assani, aliyekuwa anaongoza mutumbwi, na mutu wa ngambo aliyekuwa anashona, na njia ile ikafungwa kabisa. Sheria ilifanya kazi yake, hakuna anayeweza kubisha, kwa sababu mbele ya Noeli watu wa bunduki walianza kushuka kutoka milimani wawili wawili, wamekonda, wanabadilisha bunduki kwa mihogo, na kamiyo za Fataki zikatembea tena, na viazi mulivyokula Bunia tangu wakati ule muliletewa na ulimi wa mwanamuke huyu.

Tarehe 16 Januari 1978 tribunali ilimuhukumu Firmin, akapelekwa gerezani Kisangani, na siku ya kutoka hapa alipitishwa mbele ya muke wake, akamutazama, akamuuliza kama Viviane amepona kikohozi, basi, hawakuonana tena, alikufa kule tarehe 30 Agosti 1979, na hatukupewa maiti.

Juma moja nyuma ya hukumu, askari walifunga nyumba ya Tchomia, wakafunga meza ya soko, na samaki waliokuwa juu ya moto wakawamwagia mafuta ya taa. Mama Pétronille alikwenda kwa citoyen Mbusa akidhani ni makosa ya askari.

«Hapana makosa,» Mbusa alimwambia, naye alimupa kiti, alikuwa na heshima. «Sheria inasema mali ya bwana na mali ya bibi ni moja. Nikikutosha weye mu sheria, kesho kila bibi atakuja kusema njo ye alionyesha njia.»

«Ulisema sheria itanilinda.»

«Inakulinda, mama. Hauko mu prizo.»

Jumamosi iliyofuata walipita sokoni na kipaza sauti, wakasoma jina lake, wakasema hakuna kumuuzia, hakuna kumulaza, hakuna kumutibu. Alikuwa amesimama mbele ya mama Anastasie, rafiki yake, mama wa ubatizo wa Geneviève, anapimiwa chumvi, na mama Anastasie, kipaza sauti kilipopita, alichukua chumvi iliyokuwa imekwisha kuingia katika kikapu cha mwenzake, akairudisha kwenye guniya kwa mukono, polepole, hata punje zilizobaki akazikungutia pale, akasema, «Miye niko na batoto, Pétro.» Meza ilipouzishwa na serikali, mama Anastasie ndiye aliyeinunua, na ndiyo anayouzia mupaka leo.

Hapo wale wa upande wa serikali walimuita muke wa muasi, na wale waliokuwa na ndugu musituni walimuita muke aliyemuuza bwana yake, wakamutupia mavi mulangoni, pande zote mbili, na mara nyingine ilikuwa vigumu kujua ni ya nani.

Tarehe 5 Februari 1979 Geneviève alishikwa na surua, akawa anawaka moto, na mama akamubeba mupaka dispanseri. Muganga aliyekuwa zamu alifungua mulango nusu.

«Mutoto sina shida naye,» alisema. «Lakini karte iko na jina ya baba yake. Enda komisiyo, bakupe ruhusa, nitamutibu hapa hapa.»

Akaenda komisiyo, akaambiwa citoyen Mbusa amekwenda kula, akaombwa angoje katika uwanja, akangoja, hakuna aliyemukalisha katika kivuli, na yeye aliogopa kutoka akamutafutie mutoto maji asije akakosa zamu yake. Mbusa aliporudi aliwaona, akaharakisha, hata funguo zilimuanguka, akaandika ruhusa kwa mukono wake, akapiga kashe, muhuri wa komisiyo, akampa. Mama Pétronille alikuwa tayari anajua, kwa sababu mugongo wake ulikuwa umepoa, lakini aliipokea kwa mikono miwili na kusema asante, kama alivyofundishwa na masista, akatembea nayo mupaka dispanseri, akamupa muganga, na muganga akafungua mulango wote.

Geneviève alizikwa bila jeneza, kwa maana fundi wa mbao aliogopa.

Mwaka wa 1981 komisiyo ilifungwa, citoyen Mbusa akapandishwa cheo, akahamia Kinshasa, na hakuna aliyetangaza kwamba katazo limeondoka wala kwamba limebaki, kila mutu akaendelea kama alivyozoea. Mama yetu alilima mihogo kwenye kingo za barabara, akafua nguo za watu waliomuletea kwa mulango wa nyuma, Adeline akaachwa na muchumba wake wakati tarehe ya ndoa ilikuwa imekwisha kuwekwa, na Viviane akasoma chini ya jina la familia yetu sisi. Adeline alimuuliza siku moja kwa hasira kama angejua yote haya, angekwenda tena Bunia na samaki yule. Alicheka, cheko lile lile la misa, akajibu, «Ningeenda. Mathieu alikuwa ndugu yangu. Lakini singeuliza mbele ya batu sheria itanifanya nini. Miye njo niliwapa ile mawazo ya kunifanyia kitu.»

Ugonjwa ulianza mwezi wa nane wa mwaka jana, 1987, maumivu ya tumbo na kuvimba, akapelekwa hospitali tarehe 12 Novemba, akapasuliwa, wakakuta imechelewa, akarudishwa nyumbani kwa Viviane, akaishi pale akikonda, akitaka kila asubuhi Viviane amufungulie dirisha la upande wa barabara ili aone kamiyo za Fataki zikipita, na alifariki juzi, tarehe 3 Machi 1988, saa ya kumi na moja ya jioni, akiwa na akili zake zote, ameacha watoto wawili na wajukuu wanne.

Jana, familia ilipokwenda kununua jeneza, fundi wa mbao, yule yule, sasa ni muzee, aliuliza, «Ile sheria iliisha?» Tulipanda kwenye biro ya zone, tukauliza, vijana waliokaa kule wakatazamana, wakaita mukubwa wao, naye akasema hajawahi kuisikia sheria kama hiyo, akatuuliza kama tuna hakika haikuwa ya nchi ingine. Tulirudi, tukamwambia fundi, akakata mbao.

Familia inawashukuru wadaktari na waganga wa hospitali waliomupokea mama yetu bila kumuuliza jina la bwana yake. Inawashukuru majirani, mumejaa, hatukujua kartiye yetu iko na watu wengi hivi, maana miaka kumi tuliona migongo tu. Inawashukuru wenzake wa soko kwa wimbo muliouimba vizuri. Inamushukuru kwa namna ya pekee mama Anastasie, aliyeleta sufuria kubwa ya kupikia matanga, Adeline aliitambua mara moja, ni ile mama yetu alipewa siku ya ndoa yake, ikafungwa pamoja na nyumba, ikauzishwa, mukimaliza kula asiichukue, itabaki hapa. Na yeyote ambaye yuko na chumvi mukononi, aitupe kaburini yeye wa kwanza, mbele ya udongo.

Mama Pétronille, pumzika sasa, na amani uliyoletea muji huu, leo nawe ukalale ndani yake.