Daktari Aliyetaka Kuona Kiwiko

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, kitinda mimba, kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, na kwa kuwa yeye hakuamini karatasi yoyote asiyoikagua mwenyewe, kila tarehe nimeihakiki mara mbili.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1955, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akaanza shule mwaka 1963, ambako mwalimu wa hesabu alilalamika kwamba mtoto huyu hayaamini hata majibu ya nyuma ya kitabu, akahitimu udaktari tarehe 12 Novemba 1982, na ubingwa wa upasuaji wa mifupa mwaka 1991. Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi wa wodi ya watoto, baada ya kuwauliza mashemeji mara tatu kama kweli bibi harusi amekubali, wakajaliwa watoto wanne, na kila mmoja alimhesabu vidole mbele ya mkunga.

Wapo ndugu waliotaka sehemu hii niiruke, nami nimekataa. Tarehe 8 Juni 2003, nikiwa na miaka sita, nilianguka kwenye bembea nikavunjika kigasha, kati ya kiwiko na kiganja, baba akanifunga plasta mwenyewe, akiwa ametazama picha moja tu ya eksirei, iliyoishia chini ya kiwiko, kiwiko chenyewe hakikuonekana. Mtu ambaye hata maziwa ya dukani aliyanusa kwanza, siku hiyo alijiamini. Plasta ilipotolewa mama alisema mtoto hakunji mkono sawasawa, akajibiwa kwamba nadeka, akarudia, akajibiwa vilevile, hadi fundi plasta wa wodi ya baba aliponiona nashindwa kugusa bega langu, machale yakamcheza, akanipeleka kupigwa picha bila kumwambia bosi wake. Mfupa mmoja ulikuwa umeunga ukiwa umepinda, na mwenzake ulikuwa umechomoka kiwikoni, miezi kumi na minne, nyumbani kwa daktari wa mifupa.

Baba alimnunia fundi siku tatu, akidai picha ni ya mtoto mwingine, ya nne akaitazama tena, akalia. Tarehe 16 Agosti 2004 nilipasuliwa, mfupa uliopinda ukakatwa, ukanyooshwa na kufungwa chuma, mwenzake ukarudishwa mahali pake, na kisu alikishika mwanafunzi wake wa zamani, kwa kuwa baba alisema mikono yake haiamini tena. Kisha alifukua mafaili ya miaka minane, akawaita watoto wote aliowafunga vigasha, akakuta saba wenye dosari ileile, akawaambia wazazi wao waziwazi kwamba kosa ni lake. Baada ya kutibiwa upya, watano walipona vizuri, wawili hawakupona kabisa.

Januari 2022 aligundulika na saratani ya kongosho, akataka vipimo virudiwe mara mbili. Wiki za mwisho aliniuliza kama nimemsamehe, nikasema ndiyo, kesho yake akamuuliza muuguzi kama watoto huwa wanawadanganya wagonjwa, akaniuliza tena, na alifariki Jumatatu tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, bado akinichunguza uso.

Tunawashukuru madaktari waliovumilia maswali yake, majirani waliolala nasi, wafanyakazi wenzake, na hasa fundi plasta, aliyeketi mstari wa tatu. Baba, nilikwambia kweli. Safari hii niamini, upumzike kwa amani.