Mlezi wa Muda wa Dama

HAFSA: Haloo? Nani mwenzangu?

FAITH: Bi Hafsa, sasa... pole, shikamoo. Ni Faith, afisa wa watoto, napiga kutoka ofisini Ukunda.

HAFSA: Marahaba, mwanangu. Hujambo? Za kazi?

FAITH: Ni zile zile tu. Dama yuko?

HAFSA: Yuko uani anakuna nazi. Yaani anaila, halafu mie nitakuja nikune nyengine. Kwani—

FAITH: Kuna shida kidogo. Wale wageni wetu wa Nairobi, wakaguzi, waliokuja kwako juzi—

HAFSA: Waliokula samaki wangu wakaulizia na mchuzi wa kubeba.

FAITH: Hao. Wameandika kuwa mtoto hajakuzoea. Wanataka ahamishwe, apelekwe makao ya watoto Mombasa.

[Mtandao unakwaruza.]

FAITH: Haloo? Unanipata?

HAFSA: Nakupata. Hebu rudia hapo pa kutonizoea.

FAITH: Walimuuliza Dama, "Huyu ni nani wako?" Akasimama wima kama yuko paredi, akasema, "Ni mlezi wangu wa muda." Miaka miwili umemlea, Bi Hafsa, na anakuita hivyo? Hiyo picha si poa.

HAFSA: Jina hilo nilimfundisha mie.

FAITH: Wewe? Kwa nini sasa?

HAFSA: Kwa sababu uliniambia wewe. Yale mafunzo ya hotelini Diani umeyasahau? Ulishika kipaza sauti ukatwambia, mtoto wa watu asiwaite mama, hata kama mamake ameshakufa, mtamchanganya. Basi nikarudi Kinondo na amri yenu. Akiniita mama, namrekebisha. Hata siku ile ana homa, ananiita mama, namrekebisha na kitambaa cha maji ki mkononi. Roho ilikuwa ikiniuma, wallahi. Lakini nikasema, hawa ndio waliosoma.

FAITH: Eeh... ile guideline ilichange.

HAFSA: Lini?

FAITH: Mwaka jana. Siku hizi tunataka mtoto ajisikie wa hapo nyumbani kabisa.

HAFSA: Na mie mlinipigia simu mwaka jana?

FAITH: [anakohoa] Unajua network ya huko kwenu—

HAFSA: Aa, mtandao. Masikini, husingiziwa kila kitu.

FAITH: Lakini tutapanga. Wanarudi kesho asubuhi. Mfundishe tu akuite mama. Ila isionekane amefundishwa.

HAFSA: Hivyo zile mara zote nilizomkatiza, nimwambie nini?

FAITH: Mwambie ni kamchezo tu.

HAFSA: Kamchezo. [anashusha pumzi] Ngoja. Dama! Iwache hiyo mbuzi ya nazi, utajikata. Njoo hapa, kipenzi. Sikiliza. Kesho wale wageni wakija, mie uniite mama. Umesikia?

[Minong'ono mbali na simu.]

FAITH: Bi Hafsa? Amesema nini?

HAFSA: Amesema hawezi, hilo ni kosa. Kisha ameniuliza, nimemchoka? Yaani nataka akosee mbele ya wageni, wapate kumchukua?

FAITH: Aki... No, mwambie—

HAFSA: Mwambie wewe. Mie sina uso wa kumtazama. Dama, shika simu.

[Simu inagongwagongwa. Sauti ndogo.]

DAMA: Haloo. Shikamoo.

FAITH: Marahaba, Dama. Usiogope, hakuna mtu atakuchukua. Bi Hafsa ameenda wapi?

DAMA: Amekaa mlangoni. Amejifunika leso usoni. Umemwambia nini mamangu?

FAITH: Dama... hebu rudia. Umemwita nani?

DAMA: Samahani. Mlezi wangu wa muda.

FAITH: Hapana, hapana, skiza, ulisema poa, ile ya kwanza ndiyo—

DAMA: Sitarudia tena. Kwaheri.

[Simu inakatwa.]