Kiraka cha Kibofu

Mama mmoja, fundi cherehani, alikaa karibu na mlango wa basi, nami nyuma yake. Alikuwa akimweleza bibi wa pembeni, ambaye hawakujuana naye, kwamba mkojo humbana ghafla na kumtoka kabla hajafika chooni. Mazoezi amefanya, vidonge amemeza, sindano za kibofu amechomwa, wapi! Leo daktari anataka jibu: anakubali kupasuliwa au hakubali.

"Wanakata kipande cha utumbo, wanakishonea kwenye kibofu kipanuke," alisema. "Mimi fundi, bibi. Kiraka cha kitambaa kingine hakivutiki sawa na nguo."

"Kwani unataka kivutike? Unataka kitulie," bibi akamjibu. "Mimi ninacho kiraka hicho, na siku hizi harusini nakaa mpaka mwisho."

"Na kukojoa je?"

"Kibofu hakisukumi vizuri tena. Natia mrija mwenyewe kwenye njia ya mkojo, kila siku."

"Maisha yote?"

"Maisha yote, mwanangu. Wewe si unatunga uzi kwenye sindano?"

"Sindano naiona, bibi!"

Nikageukia dirisha, nisionekane nacheka.

Basi likasimama mbele ya hospitali. Fundi akashuka wa kwanza, mkoba kifuani, akatimua mbio. Kama alikuwa anamwahi daktari au anawahi choo, hata bibi hakujua.