Kubanych Aliyefundisha Uso kwa Uso

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Kubanych Sadyrov, mwalimu wa dansi ya hip-hop hapa kwetu Naryn. Kubanych alifariki Jumanne, nyumbani kwake. Alikuwa anaondoa theluji mlangoni, moyo ukasimama. Hakuwa na mke. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na dada yake, Jamilia, na alikuwa na Jumamosi zake.

Kila Jumamosi aliendesha warsha ya dansi, bure, katika ukumbi ule wa zamani karibu na mto. Alianza na wenzake wa kikundi, vijana wa mtaa mmoja. Walitandika zulia la plastiki, wakasimama kwa vichwa, wakazunguka kwa migongo. Wazee walisema wamepagawa. Watoto wakajaa.

Ukumbi haukuwa na kioo. Mahali pasipo na kioo, mwalimu wa dansi huwapa wanafunzi mgongo ili wafuate miguu yake. Kubanych hakutaka. Alifundisha uso kwa uso. Basi yeye akienda kulia, wao walikwenda kushoto, na hakuna aliyegundua. Wakaja kugundua mji mkuu, Bishkek, walipochezeshwa pamoja na vikundi vya mikoa mingine. Jukwaa zima likageukia kulia, watoto wa Naryn wakageukia kushoto. Watu wakagongana vichwa.

Mirlan, rafiki yake wa kikundini, alimjia juu.

"Kuba, umetuaibisha! Wape mgongo kama walimu wenzako!"

"Nikiwapa mgongo, nitajuaje nani hajaja?"

"Asiyekuja si hajaja! Unamtaka wa nini?"

Kubanych aliendelea vilevile, uso kwa uso.

Kisha wenzake wakaanza kuondoka. Huyu akaenda kuendesha teksi Moscow, yule akaenda kwenye ujenzi. Mwisho akaondoka Mirlan. Kikundi kikabaki mtu mmoja. Siku moja Mirlan alipiga simu kutoka Moscow.

"Njoo huku, bwana. Kazi ipo. Unakaa huko na nani?"

"Jumamosi nina watoto."

"Watoto wa nani, Kuba? Wewe unao?"

Mirlan alicheka. Kubanych naye alicheka. Jamilia anasema simu ilipokatika, kaka yake alibaki ameishika mpaka chai ikapoa.

Watoto nao walipungua. Wengine walikua, wengine walifuata wazazi Urusi. Majira haya ya baridi, Jumamosi moja ilianguka theluji ya kufunga njia. Jamilia alimpelekea boorsok, maandazi yetu, ya moto. Alipofungua mlango akamkuta ndugu yake mbele ya ukumbi mtupu, jasho linamtoka, anahesabu kwa sauti, anasema, "Kunja goti. Vizuri. Tena."

"Kuba! Unamfundisha nani?"

"Hakuna mtu, dada."

"Sasa si urudi nyumbani?"

"Akiingia mtu katikati ya somo, asinikute nimekaa."

Jamilia alikaa kwenye benchi na kapu lake. Hakuna aliyeingia. Kubanych alimaliza somo lote.

Sasa nisikilizeni. Mnajua mazishi yetu. Hema la msiba likisimamishwa, wana na ndugu wa kiume wa marehemu hufunga mshipi kiunoni, husimama nje na fimbo, hulia kwa sauti kuwapokea wageni. Kubanych alikuwa na mjomba mmoja tu, mzee. Akasimama peke yake, akalia peke yake, sauti ikamkauka.

Ndipo akaja dereva wa lori, mtu mzima mwenye ndevu. Akaomba mshipi.

"Wewe ni nani wake?" mjomba akauliza.

"Alinifundisha Jumamosi."

Akaja mwingine, muuza nyama. Akaja mwingine. Mirlan alitua kwa ndege Bishkek alfajiri, akapanda gari mpaka hapa, akajifunga mshipi. Safu ikafika barabarani. Mishipi ikaisha, wakapasua shuka.

Ua lilijaa, wasikilizaji. Walikuja wote, siku ambayo yeye hawezi kuona nani kaja.

Jamilia, dada yetu, pole sana. Mjomba, pole. Pole kwa kila aliyefundishwa na Kubanych Sadyrov, mwalimu wa dansi, mtu wa Naryn. Mungu amlaze pema.

Na wewe unayenisikia, kama yupo mtu anayekungoja mahali, nenda leo. Usisubiri siku ya kufunga mshipi kiunoni.